Jiko simpo ndani ya nyumba ya mawe Mji Mkongwe, jinsi ya kulitengeneza bila kuiharibu nyumba

Watu kibao wananiuliza hili swali, hasa waliorithi nyumba ya babu pale Mji Mkongwe Unguja na wenyewe wengine wapo zao Muscat, nyumba imefungwa miaka na miaka, sasa wanataka kuifungua na kitu cha kwanza wanachokitaka ni jiko. Na picha wanayonitumia ni ile ile kila siku, makabati meupe hayana hata vishikio, kaunta nyeupe, ukuta mtupu, ndo wanaita minimalisti. Mi nawajibu hivi: nyumba yako ilikuwa hivyo kabla huyo mpiga picha hajazaliwa. Ukuta wa chokaa, dari ya boriti, vidaka vya kuwekea vitu humohumo ukutani, basi, hakuna kingine. Kazi yako kubwa ni kutoa makorokoro yaliyoongezwa juzijuzi, na hicho utakachoingiza kiwe kama fanicha, kisimame chenyewe, siku ukitaka kukitoa kitoke na ukuta usijue kama kuna kitu kilikuwepo.

Nayasema haya kwa sababu nishaharibu. Jiko langu la kwanza lilikuwa mtaa wa Kiponda, ghorofa ya kwanza, nikabandua chokaa yote, nikapiga lipu ya simenti, marumaru mpaka karibu na dari, makabati ya MDF, zile mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi, nikayakaza ukutani kwa skrubu ndefu, na wallahi lilipendeza, watu walikuja kupiga picha. Masika ya pili marumaru zikaanza kutuna na kudondoka moja moja usiku, makabati yakavimba kama maandazi, na wa chini wakawa wanaokota unga wa mti sakafuni kwao kila asubuhi wasijue unatoka wapi. Ulikuwa unatoka kwenye boriti. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua, unavuta maji kutoka ardhini na hewani halafu unayatoa taratibu, sasa ukiuvalisha simenti yale maji hayana pa kutokea, yanarudi ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu inaisukuma, na vichwa vya boriti vilivyolala mle ukutani vinakaa na unyevu mpaka vinaoza. Nililibomoa lote kwa pesa yangu.

Kwaiyo kabla ya lolote, kibali. Mji Mkongwe upo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na Mamlaka inayosimamia hifadhi yake ilianzishwa 1985, si kitu cha jana. Nenda na mchoro, hata wa mkono ila wenye vipimo, onesha bomba litapita wapi na unagusa ukuta gani. Ukiwa na mpango wa kusimamisha makabati tu bila kubomoa chochote maongezi yanakuwa mepesi sana. Na msidhani wanajishaua, Beit al Ajaib yenyewe, lile jumba la kisultani la 1883, iliporomoka upande Desemba 2020 tena ikiwa kwenye matengenezo, hizi nyumba si za kuchezea.

Haya tupime. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndo uliamua upana wa chumba, utakuta mita 2.5 mpaka 3 hivi. Makabati ya sm 60 upande mmoja yanakaa raha. Pande zote mbili kwenye chumba cha mita 2.6 unabakiwa na sm 140 katikati, inatosha, lakini chumba kinakuwa korido na ule utulivu ulioutaka umekwenda, mi huwa naweka upande mmoja tu na meza ya mti ya kuhamishika. Usipime mara moja. Pima upana chini, usawa wa kiuno na juu, maana ukuta umelala, na hakuna kona hata moja ya mraba, usipoteze muda kuitafuta. Chukua maboksi makubwa ya friji, yakate yafuate ukuta na mabonde yake, mpe seremala lile boksi lenyewe, usimpe namba. Halafu pima ngazi! Watu wanasahau ngazi. Kaunta ya mita 3 kipande kimoja haipindi kwenye zile ngazi za kukunja, na kabla ya ngazi kuna kichochoro ambacho gari haliingii, mzigo wako utakuja kwa rikwama na mabega ya wachukuzi. Kila kitu kiwe cha vipande vya kubebwa na watu wawili.

Uzito nao ni hesabu sio kukisia. Kaunta ya mita 3 kwa sm 60 ni mita za mraba 1.8. Graniti ya milimita 30 ina kama kilo 81 kwa mita ya mraba, hapo una kilo 145 na ushee, ya milimita 20 inashuka mpaka kama 97. Zege la sm 6, ambalo siku hizi kila mtu analitaka kwa sababu kaliona hotelini, ni karibu kilo 260. Mti mgumu wa sm 4 ni kama 60 tu. Na vyote hivyo vinakaa juu ya boriti zilizokwishabeba sakafu nzito ya mawe na chokaa miaka mia na zaidi. Kama jiko lipo chini, weka zege roho yako ipendavyo. Kama lipo juu, weka mti, kipande cha graniti nyembamba pembeni ya sinki na pa kukandia chapati basi, na miguu ya kabati ikae juu ya mbao ndefu inayokatiza boriti kadhaa, usiache kilo zote zitue kwenye boriti moja. Kabla ya hapo shuka chini na bisibisi, choma kila boriti pale inapoingia ukutani, ikizama kama kwenye boga sahau jiko kwanza, mwite fundi wa nyumba za kale abadilishe boriti.

Jiko liwekwe wapi? Wazee walikuwa wanapika uani au juu kabisa, Lamu pia jiko lilikuwa juu, moshi unatoka zake na joto haliingii vyumbani. Walijua. Tafuta chumba kinachopakana na ua au kilicho juu ya bafu lililopo, ili maji machafu yashuke njia moja fupi. Halafu simama dirishani usikilize upepo. Dirisha linalotazama kusini litakurudishia harufu ya papa wa kukaanga ndani miezi yote ya kusi, kwaiyo kama una hiari stovu liweke dirisha la upande mwingine. Usitoboe ukuta tundu kubwa la feni ya moshi. Ukuta ule si tofali zilizopangwa, ni mawe madogo yaliyoshikwa na chokaa, ukitoa jiwe moja mawili yanalifuata. Tumia dirisha, toa kioo kimoja cha juu uweke feni kwenye fremu ya mti, kesho unarudisha kioo.

Na tuseme ukweli, hiki chakula chetu si cha jiko la kwenye picha. Kukaanga samaki, kuunguza vitunguu vya biriani, mchuzi wa nazi umechemka masaa, hayo mafuta yatapanda juu ya kila kitu cheupe. Kama kuna ua, weka kule plati mbili na pa kuwekea seredani ya mkaa, hilo ndo jiko la vita, la juu libaki kwa chai, kuosha na kupakua. Kuna bibi mmoja, mama wa mwenye nyumba, nilimaliza kazi akazunguka kimya, akaniuliza, "Mwanangu, zuri, ila hapo pa kukaa na mbuzi ni wapi?" Sikuwa na jibu. Kaunta nzima ya sm 90 na hakuna mahali pa mtu kukaa chini akakuna nazi. Tangu siku hiyo naacha nafasi ya mita moja isiyo na kabati, chini ya kaunta panaingia mbuzi, kinu na ungo, na ukiangalia vizuri ule uwazi ndo unafanya jiko lionekane jepesi.

Sasa maji, hapa ndo usilale. Bomba usilizike ukutani, ukichimba mfereji kwenye matumbawe umekata ukuta na siku likivuja utajua baada ya mwaka. Lipite wazi, chini ya kaunta au nje upande wa ua, bomba la shaba lililopangwa kwa unyoofu ni zuri kuliko kulificha. Koki ya kufungia iwe mahali mkono unafika. Chini ya sinki weka sinia la chuma kisichoshika kutu lenye mdomo wa mbele, tone likidondoka litakuja mbele ulione, lisizame kwenye sakafu. Senti chache hizo zinaokoa boriti.

Makabati. Miguu ya sm 15, nyuma pasiwe na mgongo wa mbao, na uache sm 5 kati ya kabati na ukuta ili hewa ipite, ile nafasi unaifunika juu kwa ukingo wa kaunta uliokatwa kwa lile boksi. Usikaze kitu ukutani, kabati likiwa na upana wa kutosha na limesawazishwa na pimamaji haliendi popote. Mti, kama mfuko unaruhusu, mvule au msaji, hata mfenesi ni mzuri na ndo mti wetu, kama hauruhusu basi marine plaiwudi iliyozibwa vizuri kingo zote, MDF hapana, sitaki hata kuisikia. Bawaba na skrubu ulizia stenlesi ya namba 316, ile 304 hewa ya bahari inaitia madoa. Chini weka droo badala ya milango, utaona kila kitu bila kupiga magoti. Juu usiweke kabati hata moja. Vidaka vinafanya hiyo kazi, zamani viliwekwa sahani za China kwa fahari, we weka viungo na vikombe. Kama ukuta hauna vidaka usichonge vipya, weka rafu moja ya mti inayosimama juu ya kaunta kwa miguu yake.

Nyuma ya sinki watu wanarukia marumaru. Wenzetu wa Marrakech wana lipu ya chokaa inaitwa tadelakt, inasuguliwa kwa jiwe laini halafu inapakwa sabuni nyeusi ya mafuta ya zeituni, ile sabuni inashikana na chokaa na maji yanateleza. Fundi wetu anayejua kupiga niru ya chokaa atajifunza haraka, mpe kipande cha majaribio kwanza. Ukiona ngumu, simamisha bao la jiwe lenye kimo cha sm 15 nyuma ya sinki bila kuligundisha, na ukuta uliobaki upake chokaa tu. Chokaa ile ya kuroweka, ikae majini wiki kadhaa, ukuta uuloweshe kwanza, kisha mikono minne mitano myembamba, mwembamba kweli kama maziwa, ukipaka mzito utapukutika. Vaa glavu na miwani, chokaa ikiingia jichoni si mchezo. Rangi ya mafuta usiiguse, ni simenti kwa jina lingine.

Umeme harakaharaka, maana hapa huna mjadala: waya kwenye mifereji ya nje iliyonyooka, ovena iwe na njia yake peke yake, erthi ya kweli na breka inayokata umeme ukivuja. Mtungi wa gesi ukae nje uani penye hewa, gesi ile ni nzito kuliko hewa, inashuka na kujikusanya chini, kwaiyo chini ya ngazi pale mnapopapenda kuuficha ndo pabaya kuliko pote. Taa weka moja juu ya meza na nyingine ndogo ndani ya vidaka, zisitoboe boriti.

Mti ukishafika usiupake mafuta ya nazi kama watu wanavyoshauriana, hayakauki, yanakamata vumbi na yanaita mende, tumia mafuta ya kitani mikono mitatu, kila mkono ukauke kwanza, na matambara yake usiyakunje ukayatupa kwenye pipa yanaweza kujiwasha, yatandaze uani. Halafu kila mwaka masika yakiisha, chomoa droo ya chini kabisa karibu na sinki, ingiza mkono na tochi upapase ukuta kama ni mbichi, kisha shuka kwa wa chini uangalie vichwa vya boriti, ukikuta unga mpya sakafuni kwao funga koki siku hiyohiyo.