Kupaka roboti ya vinili bila rangi kunata

Roboti tupu ya vinili, yaani sanamu ya plastiki laini ya kupaka mwenyewe, huja nyeupe pe, haina jicho wala mdomo. Kazi yote umeachiwa wewe. Wengi hukimbilia brashi siku hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye rangi bado inanata, vumbi la barabarani limegandia juu yake, na anayelaumiwa ni muuza rangi. Mara nyingi hana kosa. Kosa ni la mafuta.

Mafuta hayo ni ya aina mbili. Kuna yaliyo juu, yanayosaidia sanamu iachie kalibu kiwandani. Hayo hutoka kwa sabuni. Mengine yamo ndani. Vinili hii ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji, ila imechanganywa na kilainishi ndipo ikabonyea. Kilainishi hakitulii: hupanda juu kidogo kidogo kwa miaka. Kikikutana na rangi ya mafuta, au na nyingi ya rangi za kopo la kupuliza, huilainisha na haikauki kamwe. Ukioshe utakavyo, kitarudi. Njia ni kuchagua rangi isiyoshindwa nacho, nayo ni akriliki ya maji.

Kama hujawahi kupaka vinili, usianzie kwenye sanamu ya kuagiza. Nenda soko la Gikomba, Nairobi, kwenye mafungu ya vitu vya watoto vya mtumba, uchague roboti au roketi. Bonyeza kichwa: kikibonyea na kurudi, ni vinili; kikiwa kikavu na kulia ko-ko ukikigonga, ni plastiki ngumu, na nusu ya maelezo haya haiihusu. Haribu hizo mbili tatu kwanza.

Ukiwa tayari kuagiza, sanamu tupu ya Munny ya kampuni ya Kidrobot ya Marekani, iliyotoka mwaka 2005, ni mwanzo mzuri: ile ya kawaida ina urefu wa sm 18 hivi, na kichwa chake kikubwa kinageuka kofia ya rubani bila taabu. Kumbuka ushuru hapa Kenya hupigwa juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na bima, kisha VAT ya asilimia 16 inapanda juu yake. Kwa hiyo nauli kubwa hukuumiza mara mbili. Agizeni watu watatu katoni moja. Na toleo lenye namba, ambalo msanii wake ameshalipaka, liache lilivyo. Ukilipaka upya umefuta sababu ya mtu kulinunua.

Kwanza tenganisha viungo. Chemsha maji, yatoe motoni na yaache dakika tano. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hata hizo ni nyingi kuliko unazohitaji. Zamisha shingo dakika mbili au tatu, kisha zungusha huku ukivuta. Ikigoma, irudishe majini. Kuvuta vinili ikiwa baridi hupasua ukingo wa kiungo, na hapo hakuna gundi itakayokuokoa. Draya ya nywele inafaa pia, mradi isitulie mahali pamoja.

Osha kila kipande kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu. Mwaga maji yaliyoingia ndani na uache vipande usiku kucha shingo ikitazama chini, la sivyo tone litachuruzika katikati ya kupaka. Mshono wa kalibu uondoe kwa msasa namba 400, kisha pitisha namba 600 yenye maji sehemu zote, kwa mkono mwepesi, mpaka mng'ao upotee. Malizia kwa pamba yenye spiriti ya hospitali. Asetoni na thina zisikaribie: hula vinili yenyewe. Tangu hapo shika kipande kwa kijiti kilichochomekwa shingoni, maana vidole navyo vina mafuta.

Mabawa, antena na injini hufinyangwa kwa epoksi ya udongo, ile ya kukanda sehemu mbili. Kwaruza mahali pa kubandika na utoboe vitundu vitatu vinne ili udongo ung'ate. Fila ya gereji ni rahisi kupata, lakini vinili hupinda na fila haipindi, kwa hiyo hupasuka. Ukitaka macho yawake, balbu ndogo za LED za mm 3 zinapatikana barabara ya Luthuli, Nairobi. Nyeupe huwaka moja kwa moja kwa betri ya kidonge ya CR2032. Toboa kwa mkono, polepole, kwani mashine ya kasi huyeyusha vinili na kuziba keekee.

Dukani angalia chupa vizuri. Rangi ya mabango ya shule hukaa rafu moja na akriliki na zinafanana, lakini ile hupasuka na kung'oka kwa jasho la mkono. Jaribu kwanza chini ya unyayo wa sanamu: paka, ngoja saa 48, kandamiza kwa kidole gumba. Alama ikibaki, badilisha rangi. Ikipita, izimue hadi iwe kama maziwa, upake mikono mitatu au minne myembamba, nusu saa katikati. Mwezi wa Julai, kukiwa na baridi na mawingu, ongeza muda huo mara mbili. Mistari ya mabati ya roketi usiichonge kwa kisu, kwa sababu kingo huvimba. Ipake kwa kutumia tepu ya karatasi iliyokatwa nyembamba. Kalamu ya maka nayo inashawishi, ila wino wake huenea ndani ya vinili, na baada ya miezi mstari umekuwa ukungu.

Sehemu tamu ni kuchakaza. Masizi ya jiko hufaa midomo ya injini. Udongo mwekundu wa upande wa Kikuyu, ukikaangwa mkavu na kuchujwa kwa soksi nyembamba, ni vumbi la Mirihi tosha. Wekundu wa huko na wa hapa wote ni kutu ya chuma. Sugua kwa brashi kavu, puliza kilichozidi, kisha funika kwa vanishi ya akriliki ya maji. Vanishi ya magari ya kuchanganya na kigumishi, wanayotumia wapaka matatu, huwa ngumu mno kwa vinili, na mvuke wake ni hatari ndani ya nyumba.

Usiifunge sanamu kwa gazeti, wino huhamia. Iweke mbali na dirisha, isigusane na plastiki nyingine. Chumba cha mabati chenye joto la mchana hulegeza miguu, na roboti nzito kichwani huanza kuinama: itie mguu kwenye maji moto dakika mbili, inyooshe, uishikilie hivyo ndani ya maji baridi hadi ikaze. Kisha mimina kokoto safi ndani ya miguu.