Mimea hai kwenye tangi la samaki bila kuumiza mfuko

Tangi langu lipo pembeni ya cherehani, dukani Sinza. Ni la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 likijaa pomoni. Nililinunua kuukuu, fundi vioo akanipigia silikoni upya kona moja iliyokuwa inavuja. Wateja huniuliza naweka dawa gani mpaka majani yakawa ya kijani namna ile. Siweki dawa.

Udongo ndio kila kitu. Chota wa kawaida, usiotiwa mbolea ya aina yoyote. Mara ya kwanza nilijifanya mjanja nikachanganya samadi ya kuku. Siku ya nne duka linanuka choo, samaki wote watano wanaelea matumbo juu. Samadi hutoa amonia, na amonia huunguza matamvua. Kwa hiyo chekecha udongo mtupu, toa vijiti na mizizi, tandaza sentimita 2 tu, kisha funika kwa sentimita 3 za mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji ya kuoshea yatoke safi. Mchanga wa baharini achana nao, umejaa vipande vya makombe. Ukiwa na shaka, dondoshea siki: ukichemka povu, una chokaa.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini ipungue. Unapomimina, laza sahani juu ya mchanga na maji yaangukie hapo, la sivyo udongo utafumuka na utangoja siku mbili kuona ndani.

Mimea ya kuanzia ni mitatu. Vallisneria, majani marefu kama utepe, huzaa watoto pembeni bila kuombwa. Ceratophyllum haina hata mizizi, unaitupia tu ikaelea. Zote mbili zimo Ziwa Tanganyika, kwa hiyo joto letu si geni kwao. Ya tatu ni Anubias, yenye shina nene linalotambaa. Hilo shina ukilifukia linaoza. Mimi nalifunga kwenye jiwe kwa uzi mweusi wa cherehani, mizunguko mitatu, fundo moja.

Omba vipandikizi kwa anayefuga. Kuchuma bwawani kuna gharama yake: konokono wa kichocho hukaa kwenye majani hayohayo, na kichocho huingia kupitia ngozi ukiwa umesimama majini. Mmea wowote unaoletewa, uloweke kwanza kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita nne, saa mbili tatu, kisha usuuze na ugeuze jani mojamoja kutafuta mayai yanayoteleza kama ute. Gugu maji usilete kabisa, na mabaki ya kupogoa usitupe mtoni.

Sasa taa, ambapo wengi huharibu kwa kuzidisha. Balbu ya LED ya wati 9, iliyoandikwa 6500K kwenye boksi, inatosha tangi kama langu. Wiki mbili za kwanza nawasha saa nne asubuhi nazima saa kumi. Baada ya hapo nasogeza hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa saa nane kila siku, mwezi mzima unakula uniti mbili na kidogo za LUKU. Usiweke tangi dirishani kwenye jua, vioo vitaota mwani mpaka usione samaki.

Wiki ya kwanza majani yatayeyuka. Usiing'oe! Mimea mingi ikihamishiwa maji mengine hutupa majani ya zamani na kuotesha mapya. Kata yaliyooza, tazama katikati ya shina. Kikonyo kidogo cha kijani kikichungulia, umeshapona. Wakati huo badili robo ya maji mara mbili kwa wiki, baadaye mara moja, na yanayotoka mwagia mchicha.

Samaki ngojea wiki nne, kisha anza na gapi watatu, wale samaki wadogo wa mapambo (guppy). Walishe kidogo, kinachomalizwa ndani ya dakika mbili. Kinyesi chao ndiyo mbolea, hununui nyingine.

Vallisneria ikijaa, naikata kwa mkasi wa zamani, ule usiofaa tena vitambaa, na watoto wake nawapa wateja ndani ya kopo la maji pamoja na gauni lao.