Somo: Kuipasua 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Wakuu, leo tunasaka vigawo tasa vya 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni namba tasa kama ndugu zake 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1). Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akamkatalia, na kikokotoo hakuwa nacho.

Hatua ya 1. Maliza nyepesi. Ni witiri, haiishii na 0 wala 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59. Basi 2, 3 na 5 nje.

Hatua ya 2. Tafuta kikomo. Kipeuo cha pili chake kinazidi 65,536 kwa chembe tu, kwa hiyo kama si tasa, ina kigawo tasa kisichovuka hapo. Shida ni kwamba chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Jaribu moja moja uone utakavyozeeka!

Hatua ya 3. Utamu uko hapa. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Ziorodheshe kumi za mwanzo: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa 65 na 385 (zinagawanyika kwa 5), kisha 129, 321 na 513 (kwa 3). Katika kumi hizi tumebakiwa na tano.

Hatua ya 4. Sasa gawanya. Kwa 193 baki ni 109, kwa 257 ni 2, kwa 449 ni 325, kwa 577 ni 288. Kwa 641 baki ni sifuri, na jibu ni 6,700,417, ambayo nayo ni tasa.

MASWALI

*Mwalimu, hiyo 64 umeitoa wapi? Mbona umeirusha tu?*

Haki yako kuuliza. Tuseme p ni kigawo tasa. Basi 2 kwa kipeo cha 32, ikigawanywa kwa p, ni kama inabakiza −1. Izidishe yenyewe kwa yenyewe: kipeo cha 64 kinabakiza 1, na hakuna kipeo kidogo zaidi kinachofanya hivyo. Lakini kanuni ya Fermat inasema kipeo cha p−1 nacho kinabakiza 1. Kwa hiyo p−1 lazima igawanyike kwa 64. Euler alimnyoa Fermat kwa wembe wake mwenyewe.

*Mkuu, zaidi ya vigawo ina sifa gani nyingine?*

Ni jumla ya vipeo vya pili viwili, kwa njia mbili: 65,536² + 1², na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili, kwa hiyo hata bila 641 hapo ingeshajulikana si tasa.

*Na inayofuata kwenye ukoo huo?*

2 kwa kipeo cha 64, jumlisha 1. Nayo si tasa: ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Baada ya 65,537, hadi leo haijapatikana tasa nyingine kwenye ukoo huu.