Somo: Namna ya kuchagua kijiji cha kutembelea kwa siku moja kutoka Mjini Unguja

Sisi tunaokaa mjini hupokea wageni kila mara, wakiwa jamaa kutoka Bara au watoto wa ndugu waliokulia ughaibuni, na karibu wote huomba wapelekwe shamba wakaone maisha ya asili. Hapo ndipo tunapoanza kuulizana ni kijiji gani kizuri zaidi. Kwa uzoefu wangu, swali hilo halimfikishi mtu mbali. Linalofaa kuulizwa ni hili: siku tutakayokwenda, watu wa kijiji kile watakuwa na kazi gani mikononi? Somo hili limejengwa juu ya swali hilo.

Hatua ya kwanza ni kuamua unataka kuona kazi ya nchi kavu au ya bahari. Upande wa magharibi na wa kati wa Unguja una udongo mzito, na huko utakuta mikarafuu, minazi, migomba na mabonde ya mpunga kama lile la Cheju. Mashariki na kusini ni maweni: udongo ni haba, umekaa katika mianya ya mawe ya matumbawe, na ndiyo maana watu wa Chwaka, Jambiani au Makunduchi, hata wakilima muhogo na kunde, riziki yao kubwa wameielekeza pwani. Mgeni anayetaka kuona mdalasini ukibanduliwa gome atapoteza siku yake Jambiani, na anayetaka kuona mwani hatauona Kizimbani.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo muhimu kuliko zote kwa anayechagua pwani, ni kuutazama mwezi kabla ya kupanga siku. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini haipwi kwa kiasi kimoja mwezi mzima. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana, na kwa bahati nzuri hapa kwetu maji ya bamvua hupwa baina ya saa nne asubuhi na adhuhuri, saa ambazo mtu aliyetoka mjini alfajiri amekwisha kufika na kunywa chai. Kwa hiyo tazama kalenda ya Kiislamu: siku tatu nne za mwanzo wa mwezi, na tena kuanzia tarehe 15 hadi 18, ndizo siku za kwenda. Wanawake hushuka wakiyafuata maji yanavyorudi nyuma, wakafunga mbegu za mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti, wakavuna uliokomaa, na wengine wakaenda mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza. Kilimo hiki cha mwani wa biashara kilianza kwetu mwaka 1989, na ndicho kilichowapa wanawake wengi wa mashariki fedha iliyo mikononi mwao wenyewe. Mgeni anayeelewa hilo huwatazama kwa jicho jingine kabisa.

Nililijua jambo hili baada ya kuwaaibisha wageni wangu. Mwaka mmoja niliwapeleka watu sita katika kijiji cha mashariki ikiwa ni tarehe 8 ya mwezi, siku ya maji mafu, yaani yasiyojaa sana wala kupwa sana, tukakuta maji yametulia juu ya mashamba yote ya mwani na ufukwe hauna mtu. Bibi mmoja aliyekuwa akisokota kamba za makumbi barazani kwake alituambia kwa upole, “Mmekuja na maji mafu, wanangu. Leo bahari haituiti.” Alitufundisha kusokota mpaka Adhuhuri, na siku ikawa na kheri yake, lakini wageni wangu walikuwa wamesafiri kwa ajili ya jambo jingine, na kosa lilikuwa langu.

Hatua ya tatu ni usafiri. Gari nambari 309 huenda Jambiani na 310 huenda Makunduchi. Ulizia kituo zinakoondokea kwa wakati huo. Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba gari za shamba hufuata haja ya watu wa shamba: hutoka kijijini alfajiri kuleta watu na mazao mjini, na mchana huanza kuwarudisha. Anayekwenda kinyume cha mkondo huo anaweza kukosa gari ya kurudi. Muulize utingo saa ya gari ya mwisho kabla hujashuka.

Hatua ya nne ni mwenyeji. Mkiwa familia ndogo, jamaa au rafiki wa kijijini anatosha. Mkiwa kundi, au mkitaka kuingia skuli, au kupiga picha kwa wingi, ni adabu kupita kwanza kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa hapo kijijini, na kueleza mmekuja kwa jambo gani. Vaeni mavazi ya stara, na huo usiwe ushauri kwa wanawake peke yao, kwani kijana wa kiume anayekatiza mitaa ya watu kifua wazi huwavunjia heshima wenyeji. Kuhusu picha nina neno zito: wanawake wa mwani wamepigwa picha wakiwa wameinama, bila ya kuulizwa, kwa miaka mingi. Toeni salamu, jitambulisheni, ombeni ruhusa, na mkinyimwa wekeni simu mfukoni.

Mwisho, ikiwa vijiji viwili vinakupendeza kwa kiasi kimoja, chagua kilicho na athari za kale. Kizimkazi Dimbani kuna msikiti unaosaliwa hadi leo, wenye maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, katika mihirabu yake yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Dunga kuna magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja. Mangapwani kuna chumba cha chini ya ardhi walimofichwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Huko wapelekwe watu wazima, na muda wa kunyamaza uachwe.

Maswali ya wanachama

Swali: Assalaam alaykum Maalim. Umekiacha Nungwi kwa kuwa kuna hoteli nyingi?

Jibu: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Sikukiacha kwa dharau. Hoteli zimekizunguka, lakini mafundi wa vyombo bado wanaunda majahazi na mashua ufukweni, na mtu akikaa nao saa mbili ataona mataruma, yaani mbavu za chombo, yakipachikwa na mianya ya mbao ikizibwa kwa kukalafatiwa pamba. Nenda moja kwa moja kwa mafundi, na utakuwa umefika Nungwi.

Swali: Sisi tunatoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi na tunarudi jioni. Tutaiwahi Makunduchi, Maalim?

Jibu: Sikushaurini, dada. Makunduchi iko ncha ya kusini ya kisiwa, na mtakaa garini zaidi ya mtakavyokaa na watu. Chagueni Dunga au Mangapwani. Mkilala usiku mmoja, Makunduchi iwe ya kesho yake.

Swali: Je, siku ya Mwaka Kogwa si ndiyo bora kuliko zote kwa Makunduchi?

Jibu: Ni siku kubwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kila mwezi wa Julai, na wanaume kupigana kwa vigogo vya migomba ili kutoa kinyongo cha mwaka, pamoja na kuchomwa kwa kibanda cha makuti, ni mambo ya kuonwa. Ila siku hiyo utauona umma uliokusanyika, na kazi za kila siku zimesimama. Aliyekwenda Mwaka Kogwa arudi tena siku ya bamvua.

Swali: Maalim, sisi wa Pemba je? Mimi niko Chake Chake.

Jibu: Chei chei, ndugu. Kwenu msimu wa karafuu ndio bamvua lenu. Karafuu zikiwa juani, jamvi zimetandazwa kila uwanja na harufu imeshika njia nzima, kijiji chochote cha ndani kitafaa. Nje ya msimu, nendeni Pujini kwenye magofu ya Mkame Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, au vukeni kwenda Kojani kwa wavuvi.

Swali: Tubebe nini kwa mwenyeji wetu, na watoto tuwape nini?

Jibu: Sukari, unga wa ngano na mchele, mkabidhi kwa mama wa nyumba mkiwa mnaingia na si mnapoaga, ili asione kuwa mnamlipa chakula chake. Mtu aliyeacha kazi yake kukutembezeni alipwe fedha, tena kwa makubaliano ya mapema. Watoto msiwatupie peremende wala shilingi. Mkiwa na madaftari na kalamu, mpelekeeni mwalimu mkuu wa skuli ya pale, naye atajua ni nani hasa hana.