Pakua mara moja, warushie wenzako: kuokoa bando na chaji kwenye programu yako ya simu

Kuna duka la vipuri vya pikipiki Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, lenye wauzaji sita. Niliwatengenezea programu inayoshusha orodha ya bei na picha kila asubuhi, kama MB 20. Siku moja nikapita kuwasalimia, dada wa kaunta akanikabidhi simu yake. "Kaka, bando nililojiunga jana hili hapa, limeshaisha. Kwani hii orodha haiwezi kurushwa kama tunavyorushiana nyimbo?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Simu sita zimekaa chumba kimoja, na kila moja inakwenda mnarani kufuata kitu kilekile. MB 120 zinalipiwa kwa habari za MB 20. Tangu siku hiyo programu zangu zote zenye watumiaji wanaokaa pamoja nazijenga hivi ninavyoeleza hapa. Mfano wangu ni wa Android, kwa sababu ndizo simu zilizojaa mjini kwetu.

Kwanza, elewa chaji inaliwa wapi

Redio ya 4G haizimi papo hapo ikimaliza kupokea. Mtandao huiacha macho kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kama 10, ikisubiri huenda kuna kingine kinakuja. Kwa hiyo programu inayoomba vitu vidogovidogo kila dakika inalipia muda huo wa kusubiri kila mara. Ongeza ghorofa za zege za Kariakoo: mawimbi yakidhoofika, simu hupandisha nguvu ya kurusha ili isikike mnarani, na betri ndiyo inayolipa. Jirani aliye mita mbili hahitaji nguvu hiyo.

Bluetooth ya nishati ndogo, iliyoingia na toleo la 4.0 mwaka 2010, inafaa kwa simu kujuana. Kubeba mizigo haiwezi, ni ya polepole. Wi-Fi inakula zaidi kwa sekunde, lakini inamaliza MB 20 haraka na kulala. Basi kujuana kuwe kwa Bluetooth, kubeba kuwe kwa Wi-Fi.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa msimbo wa programu

Unganisha simu na kompyuta yenye adb (chombo cha Android cha kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta), andika `adb shell dumpsys batterystats --reset` ili kufuta kumbukumbu za betri, chomoa waya, mwachie mtumiaji siku nzima. Jioni chukua ripoti kwa `adb bugreport` uifungue kwenye Battery Historian, chombo cha Google cha kuonyesha nini kimekula betri. Upande wa bando, hesabu mwenyewe ndani ya programu baiti zote zinazotoka kwenye seva. Bila namba hizi utakuja kujisifu kwa hisia.

Hatua ya 2: Tenganisha cha wote na cha mtu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, usipaharakishe. Orodha ya bei, picha za bidhaa, masasisho, mitihani ya zamani kwa programu ya wanafunzi: hivyo ni vya wote, vipitie kwa jirani. Madeni ya wateja, namba zao za simu, malipo: visitoke kwenye simu ya mwenyewe kwa njia hii hata kidogo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mteja amekuamini.

Kisha kigawe cha wote katika vipande. Mimi kila picha naifanya kipande kimoja, na jina lake ni alama yake ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, nao hubadilika faili likibadilika. Seva inatoa orodha fupi ya majina hayo, iliyotiwa saini ya kidijitali. Orodha hiyo ni KB chache tu, na kila simu inaichukua yenyewe kutoka kwenye seva kwa HTTPS. Vipande vyenyewe vinaweza kutoka kwa yeyote. Simu ikipokea kipande inakokotoa alama na kuilinganisha na orodha. Zikipishana, kipande kinatupwa na jirani huyo haulizwi tena siku hiyo. Uzuri wake ni kwamba huna haja ya kumwamini jirani, unaiamini orodha.

Nilipofika hapa niligundua jambo lililoniuma: picha nyingi hazibadiliki kabisa kati ya jana na leo, nami nilikuwa nawashushia watu zote upya kila asubuhi. Kushusha zilizobadilika tu kuliokoa bando kabla hata simu mbili hazijasalimiana.

Hatua ya 3: Chagua njia

Tumia Nearby Connections, maktaba ya Google ya kuunganisha simu zilizo karibu. Haihitaji intaneti, inasimba mawasiliano, na inachagua yenyewe kati ya Bluetooth na Wi-Fi. Ina mikakati mitatu: P2P_CLUSTER, P2P_STAR na P2P_POINT_TO_POINT. Kwa duka nachukua P2P_STAR, simu moja katikati na nyingine zikiizunguka. Wi-Fi Direct, iliyopo tangu Android 4.0, unaweza kuiendesha kwa mkono, lakini utahangaika. Iache kwa simu zisizo na Google Play services, huduma za Google zinazokaa ndani ya simu na ndizo zinazoendesha Nearby Connections. Kwa iPhone kuna Multipeer Connectivity, maktaba ya Apple ya kazi hiyohiyo, ila haizungumzi na Android.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kwa maneno ya watu

Android 12 inadai BLUETOOTH_SCAN, BLUETOOTH_ADVERTISE na BLUETOOTH_CONNECT. Android 13 inaongeza NEARBY_WIFI_DEVICES. Android 12 na za kabla yake zinadai pia ruhusa ya mahali, na hapo ndipo mtu anauliza, "Programu ya bei inataka kujua nilipo ya nini?" Weka ukurasa mfupi wa Kiswahili kabla ya kisanduku cha mfumo, ueleze kwamba simu inatafuta simu za wenzako wa dukani.

Hatua ya 5: Amua nani anakwenda mnarani

Mtu mmoja akipakua kila siku, amegeuzwa mfadhili wa duka bila kuulizwa. Mimi nafanya hivi: kila simu inatunza hesabu ya MB ilizoshusha kwenye seva wiki hii. Kukiwa na orodha mpya, simu inasubiri kabla ya kwenda kwenye seva, na aliyelipia zaidi anasubiri muda mrefu zaidi, hadi dakika tatu. Iliyo kwenye chaja inapunguziwa muda. Yenye betri chini ya asilimia 20 haiendi kabisa kama kuna mwenzake. Inayotangulia inapakua, kisha inajitangaza kwa simu za jirani.

Hatua ya 6: Tafuta kidogo, kisha zima

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Toleo la kwanza liliacha utafutaji wazi kutwa nzima. Bando likapona, lakini saa saba mchana simu zilikuwa za moto na chaji imekwisha, na watu wakaiondoa programu. Walikuwa na haki.

Sasa naita startDiscovery, amri ya kuanza kutafuta, pale tu mtumiaji anapofungua programu na kuna vipande vinavyokosekana. Naipa sekunde 30. Akipatikana jirani, naita stopDiscovery (acha kutafuta) kwanza ndipo requestConnection (omba kuunganishwa), maana kuunganisha huku bado unatafuta kunakatikakatika. Nikikosa mara tatu, naenda kwenye seva bila kinyongo.

Hatua ya 7: Unganisha, rusha, achaneni

Pande zote mbili zitumie serviceId moja, yaani jina la huduma linalozitambulisha, na zote ziite acceptConnection kukubali muunganisho. Majina ya vipande vinavyokosekana yatume kama BYTES (ujumbe mfupi), picha zitume kama FILE (faili). Tarakimu za uthibitisho, zile ambazo Nearby Connections huzipa simu zote mbili ili wenyewe wazilinganishe, unaweza kutowaonyesha watumiaji, kwa kuwa vipande vinajithibitisha kwa alama zao. Siku ukirusha kitu cha siri, usizifiche. Kazi ikiisha, ita stopAllEndpoints kukata miunganisho yote na stopAdvertising kuacha kujitangaza.

Hatua ya 8: Pima tena, na ujue pa kuacha

Rudia hatua ya 1, ila tazama betri ya simu nzima, si mstari wa programu yako peke yake, kwa sababu kazi ya kutafuta majirani inafanywa na Google Play services. Na usirushe kila kitu. Kwa KB chache, kuamsha Wi-Fi na kuunganisha kunagharimu kuliko kuuliza seva. Kwenye programu zangu mpaka ni MB 2. Dereva wa bodaboda anayezunguka peke yake kutoka Mbagala hadi Mwenge hana jirani wa kumrushia, mwachie seva.

Mwisho, weka swichi mbili kwenye mipangilio, moja ya kupokea na nyingine ya kugawa. Pale Msimbazi watano wamewasha zote. Wa sita simu yake ni ya zamani na betri imechoka, hivyo anapokea tu, na wenzake wanajua.