Kukatisha nyasi za nyumbani kwa kondoo

Kama una kiwanja kikubwa kidogo hapo kwako na umechoka kila mvua zikianza unamtafuta jamaa wa slasha, kondoo wanaifanya hiyo kazi vizuri tu, ila ujue lini uwatoe. Mbuzi achana nao, mbuzi anataka vichaka na matawi, atamaliza miti yako nyasi akiziacha vilevile.

Kwanza ulizia serikali ya mtaa kama mifugo inaruhusiwa eneo lako. Kisha chukua wawili au zaidi, mmoja peke yake atalia kutwa nzima. Majike au madume waliohasiwa, dume mzima na watoto wanacheza hapohapo ni kesi. Mimi ningechukua wale wekundu wa Kimasai, hawana sufu ya kunyoa na minyoo wanaistahimili kuliko kondoo aina ya dorper.

Kabla hawajaingia zunguka fensi yote. Oleanda, kile kichaka cha maua ya mapambo, ndo ya kuogopa, majani machache tu yanaua, hata makavu yaliyokatwa yakatupwa pembeni, na lantana inaharibu ini. Ng'oa. Kama ulipuliza dawa ya magugu soma kibandiko, mifugo ikae nje siku ngapi. Waridi sio sumu ila watalila, usije ukasema hukuambiwa.

Halafu gawa uwanja vipande kwa wavu wa kuhamisha, waanzie kimoja, nyasi zikibaki kama sentimita 5 wahamishe. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanawaacha mpaka udongo unaonekana, kumbe kondoo anang'ata chini kabisa nyasi zinashindwa kurudi na viluwiluwi vya minyoo navyo viko hukohuko chini. Kumfunga kamba ukaondoka hapana, anajizungushia kwenye mti anabaki juani bila maji, na mbwa wakimkuta hana pa kukimbilia.

Maji yawepo muda wote, jiwe la chumvi liwe la kondoo sio la ng'ombe maana shaba ikizidi inamuua, na chakula cha kuku usimpe kwa sababu hiyohiyo. Kila wiki mbili mshike umvute kope ya chini uangalie ndani, ikiwa nyekundu yuko poa, ikiwa imepauka karibu nyeupe minyoo inamnyonya damu, ita daktari wa mifugo. Usiku wafungie bandani.

Vile vimavi vidogovidogo acha, ni mbolea, na vishina vigumu walivyoruka pitia mwenyewe na slasha.