Mkoba wa ngozi unaokutambulisha: kuuchagua, kuuvisha na kuutunza Kisumu

Mkoba mmoja wa ngozi halisi, uliochaguliwa kwa makini, hukueleza vizuri kuliko mitatu yenye nembo kubwa za bandia. Nembo humtangaza mwenye kampuni. Rangi, ukubwa na jinsi ulivyouvisha ndivyo vinavyokutangaza wewe.

Kabla ya kwenda sokoni, weka mezani kila unachobeba kwa siku ya kawaida, maana mkoba uliojazwa kupita kiasi hupoteza umbo na kung'oka vishikio. Kama kila safari yako ni ya boda, tafuta wenye zipu na mkanda wa kuvuka kifua. Na kama kabati lako limejaa vitenge, chukua mkoba wa rangi moja, iwe ile inayojitokeza kidogo tu kwenye kitenge unachokipenda.

Ukifika soko la Kibuye, usianze na jina. Fungua mkoba utafute ukingo usiopakwa rangi; mara nyingi uko ndani, kwenye mdomo wa mfuko mdogo. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana; plastiki ya PU, yaani ngozi bandia, huonyesha utando laini juu na kitambaa chini. Tunasisitiza hili kwa sababu joto na unyevu wa ziwani huiharibu PU hata ikiwa imelala kabatini: hubanduka magamba, na hapo hakuna fundi wa kuiokoa. Pitisha sumaku kwenye bizimu na pete. Zikinata ni chuma, na rangi ya dhahabu iliyo juu ikichubuka zitashika kutu. Zipu ivute hadi kwenye kona, ndiko hukwama.

Mishono ya cherehani 3 au 4 kwa sentimita moja inatosha. Ila kishikio kikilegea, mwombe fundi akishone kwa mkono, uzi mmoja na sindano mbili zinazopishana katika kila tundu. Ndio mshono wa Hermès, kampuni ya mikoba ya Ufaransa. Uzi ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili bado umeshika. Wa cherehani ungeanza kufumuka.

Sasa kuuvisha, sehemu tunayoipenda zaidi. Jasho la kiganja hutia vishikio weusi, hasa vya ngozi isiyopakwa rangi, kwa hiyo kitambaa cha kuvizungushia ni pambo na kinga kwa pamoja. Kwa kishikio cha sentimita 35, kata hariri au kitenge chepesi sentimita 12 kwa 102. Kikunje kwa urefu, upande mzuri ukiwa ndani, shona ukiacha sentimita 1 pembeni, kisha kigeuze. Utapata utepe wa sentimita 5 kwa 100. Kikikatwa mshazari huvutika kidogo na kukaa bila makunyanzi.

Ufue utepe kwanza mpaka maji yatoke meupe, ukaushe, kisha uusugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikitoka na rangi, usiuweke kwenye mkoba wa rangi nyepesi, kwani jasho litaihamishia kwenye ngozi. Ukunje uwe na upana wa sentimita 2.5, funga fundo chini ya kishikio ukiacha mkia wa sentimita 6, halafu zungusha ukiubana, kila mzunguko ukilalia ule uliotangulia kidogo tu. Ukilalia nusu nzima, utepe utaisha katikati ya njia. Malizia kwa fundo upande wa pili, na ufue utepe kila unapochafuka.

Msimu wa mvua, ukungu ndio adui. Mkoba ukiota ukungu, utoe nje ya nyumba, ufute kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kingine kilichokamuliwa katika siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Jaribu kwanza kwenye kitako. Ukaushe kivulini penye upepo, kwani jua kali hupasua ngozi. Kesho yake paka krimu ya ngozi kiasi cha punje ya maharagwe. Mafuta ya kupikia huoza na kunuka, na rangi ya viatu itahamia kwenye nguo zako. Nakuru, ambako vumbi ni jingi, piga zipu brashi kila wiki.

Uhifadhi ndani ya foronya ya pamba, kamwe si ndani ya plastiki inayofungia unyevu, na uujaze karatasi nyeupe, maana wino wa gazeti hushika kwenye bitana.